Kulandanisha, Kupandanisha, Kuoanisha: Kiswahili na Ufafanuzi wa Taswira Unganifu za Umetaboli wa Seli

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi mbinu mbalimbali za taswira za molekuli zinavyounganishwa ili kuchunguza umetaboli wa seli, na yanatathmini nyenzo za Kiswahili za kuueleza mchakato huo. Hoja kuu ni kwamba kitenzi 'kuunganisha', kinachotumiwa kwa mazoea, kinaficha hatua tatu zilizo tofauti, ilhali vitenzi vyenye mfuatano wa kiambishi cha utendano na cha utendeshi (-an-ish-) vinaweza kuzitenga kwa usahihi. Makala yanaonesha pia kwamba maneno ya kila siku, hususani 'sukari', 'mionzi' na 'picha', hubeba maana zinazogongana pindi yanapoingia katika uwanja huu, na kwamba mgongano huo una athari kwa ridhaa ya mgonjwa. Mandhari ya Tabata, jijini Dar es Salaam, yametumiwa kama chanzo cha sitiari ya kufafanulia, na mipaka ya sitiari hiyo imeoneshwa.

1.0 Utangulizi

Chukulia mama wa makamo anayeishi Tabata Segerea, ambaye ameandikiwa kipimo cha kuonesha namna uvimbe wake unavyotumia nishati. Anaambiwa kwamba atachomwa sindano ya sukari yenye mionzi, kisha atapigwa picha. Hakuna neno hata moja katika maelezo hayo asilolijua. Sukari anaijua: ndiyo inayomsumbua jirani yake, ambaye hachanganyi chai. Mionzi anaijua: wifi yake alipigwa mionzi hadi ngozi ikabadilika rangi. Picha anaijua tangu utotoni. Hata hivyo, akiyajumlisha anayoyajua atafikia hitimisho kwamba anakwenda kutiwa ugonjwa mmoja na kuanza kutibiwa mwingine. Mfano huu ni wa kubuni, lakini mgongano wa maana uliomo ndani yake si wa kubuni. Umo katika kamusi na katika mazungumzo ya mtaani.

Tatizo hili linatofautiana na lile lililozoeleka katika taaluma ya istilahi. Kwa kawaida wanaistilahi hulalamikia upungufu wa maneno, na Kiswahili kimejitahidi kuuziba. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, na mwaka huohuo Mwansoko alikamilisha tasnifu yake ya uzamivu kuhusu usasaishaji wa istilahi za Kiswahili. Vigezo vya Kiingi vijulikanavyo kwa kifupi kama PEGITOSCA, ambavyo miongoni mwake ni usahihi, iktisadi, uangavu, utaratibu na kukubalika, vimekuwa kipimo cha kawaida cha ubora wa istilahi katika tasnifu nyingi za Afrika Mashariki. Hapa, kinyume chake, maneno yapo tele. Uangavu wenyewe ndio unaoleta utata, kwa kuwa msikilizaji anaona kupitia neno jambo ambalo mtaalamu hakulikusudia.

Isitoshe, sayansi husika ni changa kuliko kamusi zetu. Mashine ya kwanza ya majaribio iliyojumuisha PET na CT kwa matumizi ya kitabibu ilianza kazi Pittsburgh, Marekani, mwaka 1998. Hadubini ya mtawanyo chochewa wa Raman ilitangazwa na watafiti wa Harvard mwaka 2008. Katika ukanda wetu, Hospitali ya Aga Khan jijini Nairobi ilizindua PET-CT pamoja na saiklotroni yake mwaka 2018. Kabla ya hapo Mtanzania aliyehitaji kipimo hicho alilazimika kufikiria safari ya ng'ambo. Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo jengo lake kongwe ni la enzi ya Wajerumani, imekuwa ikitoa huduma za tiba ya nyuklia. Mkazi wa Tabata na dhana ya dutu yenye mionzi inayofuatiliwa ndani ya mwili si wageni tena kwa kila mmoja. Kilichobaki nyuma ni lugha ya kuwakutanisha.

2.0 Umetaboli na mmeng'enyo

Umetaboli ni jumla ya mabadiliko ya kikemia yanayoiwezesha seli kuishi: kuvunja molekuli ili kupata nishati, na kutumia nishati hiyo kujenga molekuli nyingine. Katika vitabu na mihadhara kadhaa ya afya ya jamii, dhana hii huelezwa kwa neno 'mmeng'enyo' au kwa maelezo kama 'uchakataji wa chakula mwilini'. Neno la kwanza linavutia kwa sababu lina jamaa aliye imara katika istilahi za biolojia: 'kimeng'enya', yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia. Vyote viwili vinatokana na kitenzi '-meng'enya', chenye maana ya kuvunjavunja au kusaga kitu vipande vidogo.

Asili hiyo ndiyo kasoro yake. Kumeng'enya ni kuvunja tu, lakini nusu ya umetaboli ni kujenga. Vilevile mmeng'enyo wa chakula hufanyika tumboni na katika utumbo, ilhali umetaboli hufanyika ndani ya kila seli, hata ile ya mfupa au ya ubongo ambayo haijawahi kukutana na tonge la ugali. Mwanafunzi anayelichukua neno moja kwa dhana zote mbili hataelewa kwa nini uchunguzi wa 'mmeng'enyo' ufanyike kwenye uvimbe wa titi. Kwa hiyo neno la mkopo lililonyambuliwa kwa kiambishi u-, 'umetaboli', lina haki ya kubaki, ingawa haliangazi chochote kwa asiyeijua dhana.

Wanaochukia mikopo wanaweza kukumbushwa kituo cha daladala kiitwacho Tabata Dampo. Jiji lilikuwa likimwaga taka Tabata, wakazi wakaenda mahakamani, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki. Jalala lilifungwa baadaye, jina la kituo likabaki. Kiswahili hakikukosa neno wakati huo: 'jaa' na 'jalala' yalikuwepo. Wasemaji walichagua 'dampo' kwa sababu waliishi na kitu hicho, wakavuta moshi wake, na wakakiita kama kilivyoitwa na waliokileta. Kukubalika kwa istilahi hutokana na maisha ya watu zaidi ya uamuzi wa kamati. 'King'amuzi' ni mfano wa upande wa pili: neno la asili, lililoundwa kwa ki-...-zi, ambalo lilienea pale Dar es Salaam ilipozima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012 na kila nyumba yenye televisheni ikalazimika kukinunua.

Jambo jingine kuhusu umetaboli ni kwamba haukomi. Mwaka 1935 Rudolf Schoenheimer na David Rittenberg, wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia, walianza kutumia haidrojeni nzito kufuatilia mafuta mwilini mwa wanyama. Matokeo ya kazi hiyo yaliivunja dhana kwamba mwili uliokwisha kukua ni kama nyumba iliyokamilika, inayohitaji kuni za jikoni tu. Matofali yenyewe hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Ndiyo maana picha ya umbo pekee haitoshi: nyumba inayoonekana ileile asubuhi na jioni inaweza kuwa imebadilishwa kuta.

3.0 Vifuatilizi na mbinu zake

3.1 Sukari inayonaswa

Katika miaka ya 1920 Otto Warburg alionesha kwamba seli za saratani hutumia glukosi kwa wingi na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki hata pale oksijeni inapopatikana ya kutosha. PET hunufaika na tabia hiyo. Mgonjwa huchomwa FDG, yaani glukosi ambayo kundi lake moja la haidroksili, lililo kwenye kaboni ya pili, limeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na florini-18. Seli huipokea kama glukosi yoyote. Kimeng'enya cha heksokinasi huibandika fosfati, hatua ambayo huifanya isiweze kutoka kirahisi. Lakini hatua inayofuata inahitaji lile kundi lililoondolewa. Molekuli hukwama, na kadiri seli inavyopokea glukosi nyingi ndivyo molekuli zilizokwama zinavyorundikana.

Florini-18 ina nusumaisha ya dakika 110 hivi. Kila kiini chake kinapovunjika hutoa positroni, ambayo husafiri umbali mdogo sana kabla ya kukutana na elektroni. Vyote viwili hutoweka na kuacha fotoni mbili zinazokimbia kuelekea pande zinazokabiliana. Duara la vipokezi linalomzunguka mgonjwa hunasa jozi hizo, na kompyuta hukokotoa zilikotoka.

Maelezo haya yanaonesha kwa nini 'kupigwa picha' ni usemi wenye walakini. Katika eksirei na CT, mashine hutoa mionzi, mwili huipokea, nayo hupita. Kitenzi '-piga' kinafaa: kuna mtenda aliye nje na mtendwa aliye ndani. Katika PET mashine haitoi chochote; inapokea tu. Chanzo cha mionzi ni mgonjwa mwenyewe kwa saa chache. Uelekeo umegeuka, lakini sarufi ya usemi imebaki ileile, na pamoja nayo hofu ileile ya kupigwa. Katika mazungumzo ya kawaida ya Dar es Salaam 'kupigwa mionzi' hutumika pia kwa tiba ya saratani, hivyo kipimo na tiba huishia katika usemi mmoja.

'Sukari' nayo hubeba mzigo wa maana tatu katika mazungumzo mamoja. Mgonjwa wa PET hutakiwa kufunga kula kwa saa kadhaa, na kiwango cha glukosi katika damu yake hupimwa, kwa sababu glukosi ya kawaida ikizidi hushindana na FDG kuingia katika seli. Tungo (1) ni ya mfano:

(1) Mama, sukari yako iko juu, kwa hiyo leo hatuwezi kukuchoma sukari. Kwani una sukari?

Neno la kwanza ni glukosi ya damuni, la pili ni kifuatilizi, la tatu ni ugonjwa wa kisukari. Muktadha humwongoza mtaalamu. Mgonjwa hana muktadha huo. Pendekezo la makala haya ni kuliacha neno 'sukari' kwa maana ya kwanza, kutumia 'kisukari' kwa ugonjwa bila kufupisha, na kuita dutu inayochomwa 'kifuatilizi'. Neno hili linafuata ruwaza ya 'kikokotozi', 'kiyoyozi' na 'king'amuzi', na mzizi wake, '-fuatilia', unaeleza kazi yenyewe. Likielezwa mara moja kwamba kifuatilizi hufanana na sukari, mshabaha unabaki mshabaha wala haugeuki kuwa jina.

3.2 Maji mazito na mwanga wa seli yenyewe

PET haioni seli moja moja. Uwezo wake wa kutenganisha nukta mbili huishia kwenye milimita chache, na katika ujazo wa milimita moja ya mchemraba wa tishu huweza kuwamo seli laki kadhaa au zaidi. Inachotoa ni sauti ya kwaya. Anayetaka kusikia mwimbaji mmoja lazima arudi kwenye hadubini, na hapo uunganishaji wa mbinu huchukua sura nyingine.

Mwaka 1928, akiwa Calcutta, C. V. Raman alieleza kwamba mwanga unapoipiga molekuli, sehemu ndogo sana ya mwanga uliotawanywa hutoka ikiwa na rangi iliyobadilika kidogo. Mabadiliko hayo hutegemea namna vifungo vya molekuli vinavyotetema, kwa hiyo ni kama lafudhi: kila aina ya kifungo ina yake. Ishara hiyo ni dhaifu mno. Mbinu ya mtawanyo chochewa hutumia leza mbili ambazo tofauti ya masafa yake imelinganishwa na mtetemo unaotafutwa, na ishara huimarika kiasi cha kuwezesha seli hai kutazamwa bila kutiwa rangi.

Lakini kifungo cha kaboni na haidrojeni kimo kila mahali katika seli, kikongwe kwa kipya. Njia ya kutofautisha ni ileile ya Schoenheimer: deuteri. Kifungo cha kaboni na deuteri hutetema polepole zaidi, kwenye mawimbi takriban 2,150 kwa sentimita badala ya 2,900 hivi, katika eneo ambalo molekuli za kawaida za seli huwa kimya. Mwaka 2018 Lingyan Shi, Wei Min na wenzao wa Columbia walionesha kwamba wanyama wakipewa maji yenye deuteri, vimeng'enya huiingiza katika mafuta na protini mpya, na hadubini huweza kuonesha mahali hasa zilipojengwa. Kilichoundwa baada ya kunywa maji hayo hujitenga na kilichokuwepo.

Istilahi 'maji mazito' inastahili kusimamiwa kidogo. Kivumishi '-zito' katika Kiswahili hurejelea uzito wa kupimwa kwa mizani na pia uzito wa kukorogwa kwa mwiko: uji mzito, mchuzi mzito. Panapohusika kimiminika, maana ya pili ndiyo hutangulia akilini. Msikilizaji atapata taswira ya maji yaliyoganda kama uji wa lishe, ilhali deuteri oksidi kwa macho haitofautiani na maji ya bombani. 'Maji ya deuteri' ni pendekezo salama zaidi, ingawa 'maji mazito' yamekwishapata uzee katika habari za mitambo ya nyuklia na huenda yasiondoke.

Mbinu ya tatu haihitaji kifuatilizi chochote. NADH, molekuli inayobeba elektroni kutoka hatua moja ya umetaboli kwenda nyingine, hutoa mwanga wa buluu inapoangaziwa urujuanimno. Ikishatoa elektroni zake na kuwa NAD+, hunyamaza. FAD hufanya kinyume: hung'aa ikiwa haina elektroni, hufifia inapozipokea. Britton Chance alitumia jozi hiyo kusoma hali ya nishati ya seli miaka mingi kabla ya hadubini za leo, na uwiano wa mianga hiyo miwili bado unatumika. Aidha, muda ambao NADH hubaki imesisimka kabla ya kutoa mwanga hutofautiana: chini ya nusu nanosekunde ikiwa huru, na zaidi ya nanosekunde moja ikiwa imeshikwa na protini.

Kwa hiyo mtafiti anayeziunganisha mbinu hizi juu ya seli moja anauliza maswali yasiyofanana. Deuteri inajibu: kimejengwa nini kipya, na wapi? NADH na FAD zinajibu: seli ina elektroni kiasi gani za kutumia kwa sasa? Faida ya kuunganisha iko katika kutofanana huko. Mbinu mbili zinazojibu swali moja huthibitishana tu. Mbinu mbili zinazojibu maswali mawili huweza kupingana, na hapo ndipo jambo jipya hugunduliwa.

4.0 Hatua tatu chini ya kitenzi kimoja

'Kuunganisha' ni kitenzi chema, lakini kimelemewa. Kimofolojia kina muundo ung-an-ish-a: mzizi, kiambishi cha utendano, kiambishi cha utendeshi na kiishio. Maana ya mfuatano huo ni kuvifanya vitu viwili au zaidi viwe katika uhusiano wa kutendana. Kiswahili kimeuzalisha mfuatano huu katika vitenzi vingi: patanisha, gombanisha, fananisha, linganisha, kutanisha. Jambo la kuzingatia ni kwamba vijenzi vya uhusiano huo havipotezi utambulisho wake. Waliopatanishwa hubaki wawili.

Linganisha hali hiyo na '-changanya'. Kihistoria nacho kina utendano na utendeshi, isipokuwa utendeshi wake ni ule wa kale wa -y- uliomezwa na nazali iliyotangulia: chang-an-y-a. Hata hivyo maana yake ya sasa ni kuvifanya vitu visitengeke, na kutokana nayo tumepata maana ya kumtatiza mtu akili. Katika baadhi ya maelezo ya mdomo hutokea usemi kwamba mashine 'inachanganya picha mbili'. Ni usemi wa kuepukwa, kwa kuwa thamani yote ya taswira unganifu inategemea msomaji kuweza kusema ni kipi kimetoka wapi.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba nukta moja katika taswira ya kwanza inawakilisha mahali palepale katika taswira ya pili. Kitenzi kinachofaa ni '-landanisha', kutoka '-landa', kufanana. Hatua hii si ya kubezwa. CT huchukuliwa kwa sekunde chache, mara nyingi pumzi ikiwa imezuiwa au imetulia. PET huchukua dakika kadhaa kwa kila sehemu ya mwili, na mgonjwa hupumua muda wote. Kiwambo hupanda na kushuka. Doa lililo juu ya ini linaweza kutokea katika taswira unganifu kana kwamba liko chini ya pafu. Mashine imeunganisha, haikulandanisha, na ripoti inaweza kuutaja ugonjwa katika ogani isiyo nao.

Hatua ya pili ni kuiweka taswira moja juu ya nyingine ili zionekane pamoja, moja ikiwa na rangi na nyingine ya kijivu. '-Pandanisha' ndicho kitenzi angavu. Kitakutana na pingamizi, kwani '-pandana' hutumika kwa wanyama, na PEGITOSCA inadai istilahi isiwe na harufu ya matusi. Pingamizi hilo lisipewe uzito kupita kiasi: '-panda' chenyewe kinabeba mbegu, mlima, basi na hasira, na hakuna anayetahayari kupanda daladala. Yambwa 'taswira' inatosha kufuta utata. Rangi zenyewe ziwekewe tahadhari. Si rangi za seli. Zimechaguliwa na mtu ili ziwakilishe namba. Kwa sababu hiyo 'taswira', neno ambalo wanafasihi wanalijua kuwa ni picha iliyojengwa akilini kwa maneno, linafaa kuliko 'picha' tupu. Taswira ya kisayansi nayo imejengwa, ila kwa hesabu.

Hatua ya tatu ni kuzisoma taswira hizo kwa pamoja na kutoa uamuzi mmoja: '-oanisha'. Mzizi wake ni ndoa, na hapa unafaa, kwa kuwa kila upande huja na asili yake na lazima usikilizwe. Mashine inaweza kulandanisha na kupandanisha. Kuoanisha ni kazi ya mtu mwenye ujuzi, na ndipo makosa yenye gharama kubwa hutokea.

5.0 Tabata usiku

Gentner (1983) anadai kwamba mshabaha mzuri huhamisha uhusiano uliopo baina ya vitu, wala si sifa za kitu kimoja kimoja. Sitiari ifuatayo imeundwa kwa kuzingatia kigezo hicho.

Ramani ya Tabata inaonesha barabara, reli, viwanja na mapaa. Haisemi ni nyumba ipi ina watu. Mtu akiutazama mtaa huohuo usiku kutoka juu ataona taa, na baadhi ya nyumba zitang'aa kuliko nyingine, lakini hatajua mwanga upo upande gani wa Kimanga au Bima. Akiipandanisha ramani na mianga hiyo, baada ya kulandanisha pembe zake, atajua nyumba ipi inawaka. Hapa uhusiano ndio uliohamishwa: ramani kwa mianga ni kama CT kwa PET. Nyumba si seli na taa si sukari, wala hazihitaji kuwa.

Bado hajajua kwa nini inawaka. Nyumba iliyojaa taa na viti vya kukodi inaweza kuwa ya harusi. Inaweza pia kuwa ya msiba. Kwa mbali hazitofautiani. Vivyo hivyo FDG huonesha matumizi makubwa ya glukosi, si saratani. Ubongo hung'aa kwa kila mtu, kwa kuwa glukosi ndiyo chakula chake kikuu. Kibofu hung'aa kwa sababu FDG, tofauti na glukosi ya kawaida, haivutwi vizuri na figo kurudi katika damu, hivyo hutoka na mkojo. Kifua kikuu hung'aa, maana seli za kinga zinazopambana nacho nazo zina njaa. Katika nchi ambamo kifua kikuu ni ugonjwa wa kawaida, kumwambia mgonjwa 'pafuni panang'aa' na kumwacha amalizie sentensi mwenyewe ni kumpa hukumu isiyokuwamo katika ushahidi. Kinyume chake pia ni kweli: saratani nyingi za tezi dume hazipokei FDG kwa wingi, na giza si cheti cha afya.

Sitiari ya taa inakoma mahali pawili. Kwanza, taa huonekana kwa sababu inawaka sasa, ilhali FDG huonekana kwa sababu imerundikana kwa muda wa saa moja hivi; inafanana zaidi na hesabu ya wageni walioingia na kushindwa kutoka. Pili, haielezi ujenzi mpya. Mwanga hauoneshi kama ndani kunajengwa ukuta, na kwa ajili hiyo ni afadhali kurudi kwenye matofali: mwenye nyumba akipewa matofali yenye alama kuanzia Jumatatu, ukuta wenye alama umejengwa baada ya Jumatatu. Sitiari mbili ni bora kuliko moja iliyovutwa hadi ikachanika, mradi mfafanuzi aseme wazi anapohama.

Utafiti wa malaria ni uwanja mwingine ambako msamiati huu utahitajika karibuni. Kimelea cha Plasmodium falciparum kilicho ndani ya chembe nyekundu ya damu hutegemea glukosi, na chembe iliyovamiwa hutumia glukosi mara nyingi zaidi ya ile isiyovamiwa; hemozoini anayoiacha ina ishara ya Raman iliyo wazi. Mwanafunzi wa Muhimbili atakayeandika ikisiri ya kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili atakuta 'selimundu' imekwisha kumwonesha njia: mkopo mmoja, neno moja la asili lenye umbo linaloonekana, na jamii iliyolipokea kwa kuwa ugonjwa upo nyumbani kwake.

Kwa mama wa Tabata Segerea, maelezo yanaweza kuandikwa upya kama ifuatavyo:

(2) Mama, tutakuchoma kifuatilizi. Kinafanana na sukari, lakini hakiwezi kukuletea kisukari. Kina mionzi kidogo ya kupimia. Hii si tiba ya mionzi, na baada ya saa chache itakuwa imepungua sana. Mashine haitakupiga kitu kuonesha kifuatilizi kilipo. Itapokea tu kinachotoka mwilini mwako. Kisha itachukua taswira ya pili, ya umbo la mwili, kwa mionzi ya eksirei, na daktari atazioanisha zote mbili. Panapong'aa panatumia sukari nyingi. Sababu zake ni nyingi, na hiyo ndiyo tutakayokuja kuizungumza.

Tungo (2) ni ndefu kuliko maelezo ya awali kwa zaidi ya mara tatu. Katika foleni ya asubuhi ya kliniki urefu huo ni gharama, na kigezo cha iktisadi kitaupinga. Kigezo hicho kiliwekwa kwa ajili ya istilahi moja moja, na hakikukusudiwa kupima mazungumzo baina ya daktari na mtu anayetakiwa kutia saini.